Kwa Wawira, Aliyekunywa Chai ya Maua

Wawi,

Njeru hakumbuki kitu. Hicho ndicho kimenifanya niketi leo nikuandikie. Nimemuuliza mara nyingi, na kila mara ananiangalia kama mtu anayeulizwa habari za mji ambao hajawahi kufika. Anakumbuka akipuliza chai kwenye kikombe. Anakumbuka ukicheka. Halafu anakumbuka dari ya hospitali na dripu mkononi. Hapo katikati hakuna kitu. Daktari alituambia sumu ile ndivyo inavyofanya, mtu anatembea na kuongea na macho yamefunguka, lakini hayupo, na akirudi harudi na habari yoyote.

Sasa nimefikiria: kama Njeru aliyepona hajui, wewe je? Labda hata wewe hujui ulivyokufa. Wazo hilo halijaniacha tangu juzi, mama yako alipokuja Meru kuniuliza. Nimeona si haki sisi wote tujue na wewe usijue. Tuliokuwa pale ni watatu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na akili zangu. Acha nikuambie.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiembu changu ulikicheka mpaka nikakiacha. Nakumbuka siku nilipomsalimia mteja wako kutoka Runyenjes, ukaanguka kwenye kiti ukishika tumbo, ukasema, "Ruki, umemwambia ana mkia!" Mpaka leo sijui kama ni kweli nilisema hivyo ama ulikuwa unanidanganya.

Nilipokuja saluni kwako hapa Meru, karibu na soko la Gakoromone, nilikuwa najua kuosha kichwa tu. Baba alitaka nikae naye buchari, nipokee wateja, na mimi sikuwa nataka kunuka nyama maisha yangu yote. Ulinichukua bila kuniuliza maswali mengi. Ulinikalisha nyuma yako, ukaniambia niangalie vidole, nisiangalie nywele. Nilipoanza kusuka mwenyewe nilikuwa navuta mpaka wateja wanatoa machozi. "Wewe mtoto wa mchinjaji," ukaniambia mbele ya watu wote, "hapa hatufungi mbuzi, tunasuka mtu." Saluni nzima ikacheka, hata yule mama niliyekuwa namvuta. Niliona aibu, lakini tangu siku hiyo mkono wangu ukawa mwepesi. Leo kuna wanaokuja kutoka Nkubu kunitafuta mimi. Wakiniuliza nani alinifundisha, nasema ni wewe.

Ramadhani ndiyo nilikupenda zaidi. Ulikuwa unakula githeri yako ya mahindi na maharagwe nyuma ya pazia ili nisione, na harufu imejaa chumba chote. Nikiuliza, "Wawi, unafanya nini huko?" unanijibu mdomo umejaa, "Nasali." Halafu jioni wewe ndiye uliyekuwa unaharakisha wateja waondoke, umeshanichemshia uji, unauliza kila mara kama adhana imelia, kama vile njaa ni yako.

Mwaka ule Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Ukasema lazima twende kwenu Manyatta. "Mama atakupikia futari. Njahi na ndizi. Utafungua na chakula cha watu." Baba aliniruhusu kwa sababu ni wewe. Alikufungia nyama ya kumpelekea mama yako kwenye gazeti, akakwambia mwenyewe, "Huyo ni wangu, nirudishie." Ukamwambia, "Mzee, nitamrudisha akiwa amenona."

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi tulichota maji, tukafua, tukamsaidia mama yako kuloweka njahi, yale maharagwe yenu meusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu mlimani na mto ulisikika mpaka jikoni. Mama yako akavaa leso yake, akaenda kanisani na akina mama wengine kufagia na kupamba kwa ajili ya Jumapili. Alikata yale maua ya manjano ya mbele ya nyumba. Yale meupe hakuyagusa. Yale ya kwenye ua, marefu, yanayoning'inia kichwa chini kama tarumbeta. Alisema yakikatwa yananyauka haraka. Nakumbuka nilimwambia ua wake ni mzuri, akanieleza alivyoomba kijiti kwa jirani miaka mingi iliyopita, akakichomeka tu ardhini kikashika. Alikuwa anajivunia ule ua, Wawi. Watu wakipita barabarani walikuwa wanauangalia.

Baada ya chakula cha mchana chenu, Njeru akaja kutoka kwao huko ng'ambo ya barabara. Alikuwa amefunga chuo. Nilikuwa namjua kwa hadithi zako tu, mtoto wa baba yako mdogo, yule mliyelelewa pamoja kama pacha. Alikuwa na simu mkononi, akatuonyesha video ya vijana fulani wanacheka, wamelala kwenye nyasi.

"Hawa wamekunywa nini?" ukamuuliza.

"Chai. Ya hii maua yenu." Akaonyesha ua kwa kidevu. "Inasemekana unaota ukiwa macho. Na hakuna polisi anaweza kukushika na maua."

Ulicheka. Ukasema mambo ya vijana wa chuo ni ujinga. Lakini nilikuona ukiangalia ua. Ulikuwa umechoka mwaka ule, Wawi. Ulikuwa umesimama kwenye miguu yako tangu Krismasi bila kupumzika, na yule mwanaume wako wa Chuka alikuwa ameoa bila kukwambia. Hukuwa mlevi. Pombe ulikuwa huonji kwa sababu ya mama yako, na miraa ulisema ni ya wazee na madereva. Nataka hili liandikwe mahali, hata kama ni hapa tu, kwa sababu watu waliongea baadaye kama kwamba ulikuwa mtu wa kuranda. Ulitaka kucheka saa moja. Ulidhani ni mchezo.

"Na mama akinusa?" ukasema.

"Atanusa nini? Si ni maua yake?"

Nilisema. Nataka ujue nilisema. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimeegemea ukuta, njaa imeanza kunishika. Nikamwambia, "Njeru, hata ng'ombe wenu hawagusi huo mti. Mbona?"

"Ng'ombe pia hanywi soda," akanijibu.

Tukacheka wote watatu. Nami nilicheka, ilikuwa inachekesha. Nikarudia, nikasema kitu ambacho mnyama anakipita kila siku na hakigusi si cha kuchezea. Ukanipiga begani. "Ruki, wewe umefunga. Wacha sisi tuonje. Nikianza kuimba kwa Kiarabu uniambie."

Ukaingia jikoni na Njeru. Mkatoka na vikombe.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Ulisema ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria. Njeru akasema tumedanganywa na watu wa simu. Mkakaa mkiongea mambo ya shule ya msingi, mwalimu fulani aliyekuwa anawakimbiza na kiboko, na mimi nikafunga macho kidogo.

Uliponiamsha ulikuwa unaniambia ulimi umeshikana na mdomo. Ulienda kuchota maji, ukanywa, maji yakatoka yakakumwagikia kifuani kwa sababu koo lilikataa kumeza. Nilikuangalia machoni, Wawi, na hapo ndipo niliogopa. Macho yako ya kahawia hayakuwepo. Yalikuwa meusi tupu, yamefunguka kama ya mtu aliye gizani, na ilikuwa mchana, jua limetoka. Nikakugusa paji la uso. Ulikuwa moto kama sufuria, na ngozi kavu, hakuna hata tone la jasho.

"Wawi, lala chini," nikakwambia.

Hukunisikia. Ulivuta kile kigoda cha kukamulia ng'ombe, ukaketi, ukapanua magoti kama unavyofanya saluni mteja akikaa chini. Na ukaanza kusuka. Vidole vyako vilikuwa vinatembea hewani, Wawi, safi kabisa, unagawa, unavuta, unaingiza rasta, unashuka. Ukaninyooshea mkono bila kugeuka. "Ruki, nipatie nyeusi."

"Wawi, hakuna mtu hapo."

"Usimtishe mteja," ukaniambia, kwa ile sauti yako ya chini ya kazi. Halafu ukainama mbele, ukauliza kwa upole, "Nimekubana sana?"

Hakukuwa na raha, Wawi. Watu wananiuliza hilo, wasichana hasa, wananiuliza kama mlifurahia kidogo. Nawaambia hapana. Kwenye ile video walikuwa wanacheka. Nyinyi hamkucheka hata mara moja tangu ilipowashika. Njeru alikuwa anatetemeka, anavuta vitu kwenye nguo zake ambavyo havipo, anamjibu mtu aliyesimama mahali ambapo hapakuwa na mtu, na alikuwa analia bila machozi. Wewe ulikuwa kazini. Ulikuwa umekunja uso, unafanya haraka, kama kuna wateja wengi wanakungoja.

Nilipiga simu ya mama yako, haikushikwa, alikuwa ameiacha kwenye kikapu kanisani. Nikapiga nduru. Ndipo uliposimama. Ulitazama kuelekea chini, kwenye shamba la kahawa linaloshuka mtoni, uso wako ukafunguka, ukasema, wazi kabisa, kwa Kiembu chenu halafu kwa Kiswahili kana kwamba unanitafsiria mimi: "Mama ananiita." Ukaitika, "Nakuja!"

Niligeuka nikaangalia langoni. Nilidhani amerudi kweli. Hapakuwa na mtu.

Na wakati huohuo Njeru alikuwa ameingia jikoni. Nilisikia mafiga yakianguka. Nilimkuta amepiga magoti, mkono wake umeingia kwenye makaa, anachambua kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, na hasikii maumivu. Nilimshika kiunoni nikamvuta, akanipiga, tukaanguka wote nje mlangoni. Alikuwa na nguvu za watu wengi. Nilipoinua kichwa kigoda kilikuwa kitupu. Nikaona sweta yako ya zambarau kati ya kahawa, mbali tayari, inashuka.

Nilikuita, Wawi. Nilikuita kwa jina lako lote.

Jirani yenu Mama Karimi na mume wake walikuwa wamesikia nduru, wakaja wakikimbia. Yeye akamkalia Njeru, mume wake na mimi tukashuka. Kahawa imelowa, nilianguka mara kadhaa. Mto ulikuwa umejaa, maji ya udongo. Mume wa Mama Karimi ndiye aliyekuona kwanza, pale chini mto unapopinda, mizizi imekushika nguo. Aliingia maji yakimfika kifuani. Alikutoa akakulaza kwenye nyasi, akajaribu alichojua, mimi nikajaribu. Mwili wako haukuwa na moto tena.

Nimeiwaza sana sehemu hiyo. Ulikuwa unaungua. Koo lako lilikuwa limekauka na maji yalikuwa yanasikika. Sijui uliona nini pale ukingoni. Najua tu hukuwa unatafuta kufa.

Njeru tulimpeleka Embu kwa pikapu ya kubeba maziwa, amefungwa mikono kwa leso ya Mama Karimi asijiumize. Baba yake alitukuta mlangoni mwa hospitali, bado amevaa tai ya mkutano wa kanisa. Daktari alikuwa msichana mdogo, labda ananizidi miaka michache tu. Akauliza, "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Hakuna kitu," akasema Baba Njeru. "Ni malaria. Imepanda kichwani."

Daktari akamwangalia Njeru machoni na tochi, akauliza tena. Baba Njeru akarudia. Simlaumu sana siku hizi. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa ameshaambiwa juu yako njiani, na mtoto wake alikuwa anaongea na ukuta. Alishika neno la kwanza alilolipata.

Nikasema, "Daktari, amekunywa chai ya maua. Yale meupe, ya tarumbeta. Nilikuwepo. Walikuwa wawili."

Baba Njeru alinigeukia. Sitakwambia alivyoniangalia.

Daktari hakuniuliza mimi ni nani. Aliita watu, wakakimbia naye ndani. Baadaye alinitafuta pale kwenye benchi, akaniambia, "Umemsaidia. Tungekuwa tunatibu malaria mpaka sasa." Nikamuuliza kama walizidisha. Akasema mti huo hauna kipimo cha usalama. Ua moja laweza kuwa na sumu mara nyingi kuliko lile lililo karibu nalo kwenye tawi hilohilo, na mtu hawezi kujua kwa macho wala kwa ulimi. Majani, mbegu, maua, vyote. Akasema moyo unakimbia mpaka unachoka, mwili unapanda joto, na wengine, kama wewe, wanatembea tu wakaingia mahali. Barabarani. Majini. Nilitoka nje. Adhana ya magharibi ikalia huko mjini Embu na nikakumbuka nimefunga. Nikafungua kwa maji ya mfereji wa hospitali.

Mama yako alipofika hospitali jioni hiyo aliambiwa yote na daktari mwenyewe. Nilikuwepo. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Maua gani?" Alipoambiwa alishika ukuta.

Walikuzika wiki iliyofuata, chini ya mparachichi. Kwenye karatasi ya mazishi waliandika kwamba uliteleza ukivuka mto. Baba Njeru ndiye aliyeisoma. Mama yako alikaa mbele akiangalia mikono yake. Mimi nilisimama nyuma na Baba, ambaye alikuwa amefunga buchari akaja, na jeneza lilipoteremshwa alinishika bega. Nilielewa mama yako hawezi. Ningekuwa mimi nimepanda mti ule kwa mkono wangu, labda hata mimi ningeomba mto uchukue lawama.

Lakini uongo ule haukukaa mahali pamoja, Wawi. Watu wa Manyatta si wajinga. Msichana aliyezaliwa kando ya mto ule, anateleza vipi mchana? Na Njeru aliyelazwa siku hiyohiyo je? Wakaanza kutafuta, na walichopata ni mimi. Mgeni. Wa Majengo, mtaa wa Waislamu. Nikasikia kwanza kwa mteja kutoka Embu, akiniambia kwenye kioo bila kujua ni mimi: "Kuna msichana wa Meru aliwapa kitu. Wanasema alikuwa anafunga, hakugusa." Mikono yangu ilikuwa kwenye nywele zake. Nilimaliza nikamshukuru. Baadaye ikafika Gakoromone. Mama mmoja ninayenunua kwake viazi alikataa kuniangalia.

Nilimwambia Baba nataka kuacha saluni, hii niliyobaki nayo baada yako. Alikuwa ananoa kisu. Akasema, "Wewe ulisema ukweli mahali ulipotakiwa, na yule kijana anapumua. Fungua duka lako." Nikafungua.

Hivyo ndivyo ilivyokaa, mpaka likizo hii iliyopita. Vijana wa sekondari, wa huko kwenu Manyatta, walikunywa maua ya ua mwingine. Ni kama nyinyi tu, walikuwa wameona kwenye simu. Wawili walitapika wakapona. Wa tatu alilala hospitali siku nyingi na alipoamka hakuweza kusoma herufi, zilikuwa zinaruka. Njeru alijua hali hiyo. Yeye mwenyewe hakuweza kusoma kwa muda mrefu, akapoteza muhula mzima wa chuo, na mkono wake ulioungua haujawahi kufungua vizuri. Alimtembelea yule kijana. Kijana akamwambia, "Hakuna mtu alituambia ni mbaya. Tulijua mtu aliteleza mtoni, hatukujua ni maua."

Njeru alinipigia simu usiku huo, analia, safari hii kwa machozi. "Ruki, mimi naongea Jumapili. Wakinifukuza, wanifukuze."

Akaongea. Alinieleza mwenyewe na mama yako amenieleza pia. Wakati wa matangazo alisimama, akaenda mbele bila kuitwa. Akasema, "Wawira hakuteleza. Tulikunywa maua. Mimi ndiye niliyachuma, mimi ndiye nilimwambia hayana shida. Na yule rafiki yake wa Meru, mnayemsema, alitukataza, na ndiye aliniokoa." Baba yake akainuka, akatoka nje. Njeru akabaki amesimama hajui aendelee ama aketi.

Mama yako akainuka. Alitembea mpaka mbele, akasimama karibu naye, akamshika ule mkono ulioungua. Akasema maneno machache sana. "Ni maua yangu. Nilijua. Niliona aibu, nikanyamaza, na sasa mtoto wa mwingine yuko hospitali."

Walipotoka walimkuta Baba Njeru hajaenda nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya kanisa, kofia mkononi. Njeru akaketi karibu naye. Wameniambia walirudi nyumbani pamoja.

Ua haupo tena, Wawi. Akina mama walikuja wakasaidiana, wamefunga mikono na makaratasi ya plastiki, wakang'oa mpaka mizizi, wakachimba shimo wakafukia. Mama yako amepanda kei, ule ua wa miiba, mahali pale. Bado ni fupi, kuku wanapita katikati. Kuna jirani mmoja aliyekataa kung'oa wake, akasema maua ni maua. Mama yako hakugombana naye. Alimwambia, "Wacha yakae ukipenda. Lakini mwite mtoto wako leo umwambie kilichomo." Amekuwa akienda nyumba kwa nyumba hivyo, jioni akishakamua. Wengine wanamkaribisha chai, wengine wanamjibu kwenye lango.

Na juzi akaja Meru. Hakunipigia simu. Niliinua kichwa nikamwona mlangoni, na ile leso yake, na kikapu cha maparachichi ya mti wako. Saluni ilikuwa imejaa. Alisimama pale wote wakimwangalia, akaniambia, si kwa sauti ndogo, "Rukia, mwana wakwa, mwanangu, nilikuacha ubebe mzigo wangu. Nimekuja kuuchukua." Yule mama wa viazi alikuwa amekaa kwenye mashine ya kukausha nywele. Alisikia. Nilifurahi alisikia.

Tulienda kukaa nyuma ya pazia. Nilimpa chai, akashika kikombe bila kunywa. Akauliza, "Wewe ulikuwa naye. Alisema nini mwisho?"

Sikuwahi kumwambia mtu, Wawi. Si daktari, si Njeru, si Baba. Niliogopa neno hilo litamuua. Lakini alikuwa amesafiri kutoka Manyatta kuuliza, na tulishaona kimya kinafanya nini. Nikamwambia. Nikamwambia ulivyokuwa unasuka, ulivyomuuliza mteja kama umembana, ulivyosimama uso umefunguka. Nikamwambia, "Alisema, Mama ananiita. Akaitika, Nakuja."

Nje mashine zilikuwa zinavuma na wateja walikuwa wanapiga stori.

"Nilikuwa kanisani," akasema. "Sikumwita."

"Najua, Mama."

"Sikumwita, Rukia."

"Najua."

Akaweka kikombe chini. Akafuta uso kwa leso, polepole, upande mmoja halafu mwingine. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi baada ya kusimama miaka: "Kwa hiyo hakuwa anaenda mtoni. Alikuwa anakuja kwangu."

Ndiyo hivyo, Wawi. Sasa unajua.

Sijui kwenu mnasema nini kwa aliyekwenda. Sisi tunasema ni wa Mungu na kwake amerejea, na nimekusemea hivyo kila siku, uniwie radhi kama hukuomba. Nimekuombea pia pamoja na mama yako, juzi, tulipoinamisha vichwa nyuma ya pazia, yeye kwa namna yake na mimi kwa yangu.

Wiki hii msichana mmoja, mwanafunzi, alikuwa anasukwa, anacheka na mwenzake juu ya maua fulani ya kwao yanayolewesha. Niliacha kitana kwenye nywele zake, nikazunguka nikachutama mbele yake ili anione uso. Nikamweleza yote niliyokueleza, kwa jina lako. Hakucheka tena. Aliniuliza kama wewe ulikuwa mtu mzuri. Nikamwambia ulikuwa mwalimu wangu.

Nitakuwa nikienda Manyatta Pasaka zote, iwe ndani ya Ramadhani ama nje yake. Mama yako hatakaa peke yake siku hiyo nikiwa hai. Na mtu yeyote akiniuliza, awe mtoto, awe mzee, mbele ya kanisa ama mbele ya kioo, sitasema uliteleza.

Lala salama, mwalimu.

Rukia